Usukani umetulia, lakini mimi sijatulia

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mkulima na mchuuzi wa viazi hapa Njombe. Nina pikapu kwa ubia na kaka yangu mkubwa. Ni ya Kijapani, ya mwaka 1992, dizeli, inavuta magurudumu yote manne. Kampuni sitaitaja. Tuliinunua mwaka 2019 kwa shilingi milioni 14, ikiwa imeshapita mikononi mwa watu wawili hapa nchini. Kaka alitoa 9, mimi 5. Kadi ya gari ina jina lake, ila anayeliendesha siku zote ni mimi.

Tangu masika usukani ulianza kucheza. Ukiwa kwenye lami ya kwenda Makambako, spidi ikifika 70 gari linatangatanga, unalirudisha njiani kila mara. Unazungusha usukani upana wa vidole vitatu ndipo matairi yanajibu. Ukiukata gari limesimama, unasikia "kak" chini ya miguu yako. Fundi wa kwanza alibadilisha tai rodi endi mbili za nje, yale maungio ya karibu na magurudumu, hali ikapungua kidogo, baada ya wiki tatu ikarudi.

Mwezi wa tano tukaenda kwa fundi mwingine. Alipoosha chini kwa dizeli akaona ufa mwembamba kama unywele kwenye rilei rodi, ile fimbo ndefu ya katikati inayounganisha tai rodi za pande zote mbili. Akauchomelea pale pale, akapaka rangi nyeusi, na siku hiyo hiyo akakaza skrubu iliyo juu ya boksi la stelingi, lile lenye meno yanayogeuza mzunguko wa usukani. Akachukua 60,000. Toka hapo usukani hauchezi tena. Umekuwa mgumu kiasi, na ukitoka kwenye kona haurudi katikati wenyewe, lazima uurudishe kwa mkono. Kaka anasema huko ndiko kukaza kwa gari jipya.

Mimi sikuridhika. Nilimpa mtoto wa dada yetu namba ya chasisi akaitafuta mtandaoni. Akakuta gari letu limo kwenye tangazo la zamani la kurejesha magari Japani yatengenezwe bure, kwa sababu ya fimbo hiyo hiyo, na kazi haijawahi kufanyika. Nikafunga safari kwa basi hadi Dar es Salaam kwa wakala wa kampuni hiyo. Mara ya kwanza nikaambiwa wao wanahudumia magari waliyoyaleta wenyewe, letu limeingia kama mtumba, halihusiki. Nikiwa natoka, mwingine wa kaunta ile ile akaniita, akasema inawezekana, spea itaagizwa, nisubiri wiki sita. Wiki sita zikapita. Nikapiga simu, faili halionekani. Nikaenda tena, safari hii nikaambiwa tangazo limepitwa na wakati. Nauli na kulala vimekula zaidi ya 400,000, na sina hata karatasi moja yenye mhuri inayosema nilifika.

Sasa Kaka ameliuza. Mnunuzi ni mzee jirani yetu, tunamwita Baba Mdogo ingawa si wa damu. Wamekubaliana milioni 11, ametanguliza 3, na Kaka ameshazipeleka SACCOS kulipa deni. Zilizobaki 8 zitalipwa siku ya makabidhiano, wiki mbili kutoka leo. Baba Mdogo anataka gari la kubebea maziwa, na asubuhi liwapeleke wajukuu zake shule. Jumapili najua litabeba kwaya.

Nilipomwambia Kaka tumweleze kuhusu ile fimbo, alinijibu: "Fundi kashachomelea, gari limetulia, unatafuta nini? Ukisema, utakuwa umenivua nguo mbele ya mtaa mzima." Mke wangu anasema niseme. Mama anasema nimsikilize mkubwa wangu.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Juzi Baba Mdogo alinikuta naosha gari. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe ndiye unaliendesha. Halina neno?" Nikamjibu: "Ni la zamani tu, Baba." Akacheka, akaenda zake.

Nifanyeje?

Mdogo Mtu, Njombe

*

Marahaba, Mdogo Mtu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimesimama kwenye lile jibu ulilompa Baba Mdogo. Hukudanganya, gari ni la zamani kweli. Lakini mwenyewe umeona kwamba swali lake lilikuwa moja na jibu lako lilikuwa la swali jingine. Mtu aliyezoea kupitisha mambo namna hiyo asingekosa usingizi.

Nikikuelewa vizuri, una mizigo mitatu umeifunga kamba moja: gari lenye ufa, kaka mwenye deni, na mzee anayekuamini. Umejaribu mlango wa wakala, ukafungiwa mara tatu. Kwa hiyo unaona umebakiwa na mawili, unyamaze au umsaliti Kaka. Tuifungue hiyo kamba kwanza, na tuanzie chini ya gari, maana nadhani huko kuna jambo ninyi wawili mmelielewa vibaya, na ndilo linalowagombanisha.

Kaka anasema gari limetulia. Ni kweli limetulia. Swali ni nini kilichotulia. Ufa kwenye rilei rodi hauufanyi usukani ucheze. Fimbo yenye ufa inasukuma na kuvuta kama nzima mpaka dakika inayokatika. Hakuna mlio, hakuna mtetemo, wala usukani haulegei. Kucheza ulikokuwa unakusikia kunatoka kwenye maungio: tai rodi endi za ndani ambazo fundi wa kwanza hakuzigusa, bushi za aidla amu, ule mkono unaoishikilia fimbo upande usio wa boksi, au meno ya boksi la stelingi lenyewe. Ule mlio wa "kak" gari likiwa limesimama, mara nyingi ni aidla amu iliyokwisha au boliti za boksi zilizolegea kwenye chasisi.

Fundi wa pili alifanya kazi mbili siku moja, ndiyo maana mmechanganyikiwa. Alichomelea ufa na akakaza boksi. Kilichoondoa kucheza ni skrubu ya boksi. Kuchomelea hakukuhusika hata kidogo. Kwa hiyo Kaka anapokuambia "si unaona limetulia," anakupa ushahidi wa ugonjwa ule mwingine, uliokuwa unapiga kelele. Huu wa kimya hajaupatia ushahidi wowote, wala wewe hujampa. Sidhani kama amewahi kuelezwa hivi.

Na hata boksi halikupona. Usukani usiorudi katikati wenyewe baada ya kona ni dalili ya skrubu iliyokazwa kupita kiasi. Katikati ya boksi meno yanabanana, dereva analazimika kuurudisha usukani kwa mkono, na mafuta hayazuii chuma kula chuma. Skrubu ile hurekebishwa matairi yakiwa yamenyooka, unailegeza nati ya kufungia, unaizungusha kidogo kidogo, chini ya robo mzunguko kila mara, kisha unafunga nati na kujaribu barabarani. Usukani usiporudi, umezidisha, rudisha nyuma. Fundi anayeikaza ili kuficha ulegevu wa maungio mengine anahamisha ugonjwa kutoka kwenye spea ya bei ndogo kwenda kwenye ya bei kubwa.

Sasa kuhusu kuchomelea. Fimbo hii imefuliwa, si bomba la kawaida. Ugumu wake unatokana na namna chuma kilivyopashwa na kupozwa kiwandani. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu huo sentimita chache kila upande, na ufa mpya huzaliwa pembeni ya mshono, si juu yake. Isitoshe, mshono ukikaa juu juu, ufa wa ndani unabaki na safari yake. Rangi nyeusi imemaliza kazi: hata mtu anayejua kutazama hataona.

Kwa nini fimbo hizi hupasuka? Kuna kesi moja iliyo kwenye kumbukumbu za hadharani, nakutajia kwa kuwa inaeleza jambo lenyewe na hata adha yako ya kaunta. Oktoba 2004 Toyota ilitangaza Japani kurejesha pikapu za Hilux za miaka ya mwisho ya 80 na ya 90, zaidi ya laki tatu, kwa sababu ya rilei rodi. Maelezo yalikuwa kwamba dereva anayekata usukani mara kwa mara gari likiwa limesimama, kama wakati wa kuegesha, anaipa fimbo mzigo mkubwa. Pawa stelingi inasukuma, matairi yameshika ardhi, fimbo inajipinda kidogo. Siku moja si kitu. Baada ya miaka unapata ufa, ufa unakua, fimbo inakatika, na gurudumu moja au yote mawili hayamsikilizi dereva tena. Marekani, magari ya aina hiyo yapatayo milioni moja hayakutangazwa kurejeshwa mpaka Septemba 2005, karibu mwaka mzima baadaye. Mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, ilikuja kuuliza kwa nini, na Desemba 2010 kampuni ikakubali kulipa faini ya dola milioni 16.05 kwa suala hilo peke yake. Gari lako ni la kampuni gani sijui, na si lazima nijue. Ninachotaka uone ni kwamba kama tangazo lilichukua mwaka kuvuka kutoka Japani kwenda Marekani, wewe kuzungushwa wiki sita kwenye kaunta hakukutokana na ushamba wako.

Umeambiwa mambo matatu yanayopingana, na kila moja lina chembe ya ukweli. Tangazo la kurejesha magari hutolewa kwa nchi fulani, na wajibu wa kutengeneza bure huwa wa kampuni katika nchi hiyo. Wakala wa nje mara nyingi halazimiki kwa gari asiloliingiza yeye, japo wapo wanaokubali kampuni ikiwaruhusu. Na wajibu una ukomo: hata sheria ya Marekani hailazimishi matengenezo ya bure kwa gari lililokuwa limeshazidi miaka 15 tangu linunuliwe mara ya kwanza mpaka siku ya tangazo. Kwa hiyo aliyekuambia limepitwa na wakati huenda alikuwa sahihi kuhusu ofa. Kuhusu ufa hakukuambia kitu. Ofa huisha muda, ufa hauishi.

Usiende tena kwa mdomo. Andika barua pepe moja, ipeleke kwa kampuni Japani na kwa wakala kwa wakati mmoja. Weka namba ya chasisi kama ilivyogongwa kwenye chuma, si kama ilivyoandikwa kwenye kadi tu, maana makosa ya kadi ni ya kawaida. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, yana msimbo mfupi, kistari, kisha tarakimu. Watu wa kaunta huibandika namba hiyo kwenye mfumo usioitambua, halafu wanasema gari halipo. Piga picha ya nguzo ya mlango wa dereva: kazi ya aina hii ikifanyika Japani, mara nyingi hubandikwa pale kibandiko chenye namba. Piga picha ya fimbo yote na ya sehemu ya ufa. Kisha uliza maswali matatu tu. Namba hii imo kwenye tangazo? Fimbo iliyoboreshwa ina namba gani ya spea? Mnaweza kunipatia au kuniuzia kupitia wakala? Jibu la swali la pili ndilo lenye thamani kuliko yote, hata wakikataa la tatu. Wakinyamaza, barua hiyo ndiyo utakayoambatanisha ukipeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Sikuahidi kwamba Tume itakupa fimbo. Lakini leo huna karatasi hata moja, na pasipo karatasi hakuna anayeweza kukusaidia.

Namba hiyo ya spea itakulinda pia Kariakoo. Fimbo ya mtumba iliyofunguliwa kwenye pikapu ya umri ule ule inaweza kuwa ndiyo ile ile iliyotangazwa kurejeshwa, imesafishwa na kupakwa rangi. Muuzaji hatakuwa amekudanganya, hajui. Kwenye spea hii usinunue mtumba.

Kuna jambo moja halisubiri uamuzi wenu wa kifamilia. Gari lisibebe watu kuanzia leo, na kama unaweza, lisimame. Lumbesa kumi za viazi juu ya pikapu ya tani moja zinainua pua, matairi ya mbele yanakuwa mepesi, na miteremko ya huko unaijua kuliko mimi.

Nije kwa Kaka.

Umemweleza kama mtu anayetaka kumdhulumu mzee. Inawezekana. Lakini soma tena barua yako kwa jicho lake: ametoa milioni 9, deni la SACCOS lilikuwa linamkaba, fundi amemwambia kazi imekwisha, na usukani wenyewe unamwambia imekwisha. Halafu mdogo wake, aliyetumia laki nne kwenda na kurudi Dar bila karatasi, anamwambia kuna tatizo lisiloonekana wala kusikika. Pengine anachoogopa ni kwamba Baba Mdogo atadai milioni 3, nazo hazipo. "Kunivua nguo" huenda ni jina la aibu ya kutokuwa nazo. Ulishamuuliza hilo? Au mmekuwa mkibishana juu ya fimbo tu?

Nilivyoona, mbele yako kuna njia kama nne, na hakuna hata moja isiyo na mwiba.

Ya kwanza ni kutengeneza kabla ya makabidhiano, halafu kuuza gari zima. Hapo hakuna wa kuvuliwa nguo. Muorodheshe kazi yote, msibadilishe fimbo peke yake: rilei rodi mpya, aidla amu, tai rodi endi zote nne, nati mpya na spliti pini mpya, zile pini zinazozuia nati isifunguke. Kabla ya kufungua, fundi apime urefu wa kila tai rodi au ahesabu nyuzi za skrubu zinazoonekana, ili matairi yasipotee mwelekeo kabisa. Atumie pula ya kuchomolea maungio, asigonge kwa nyundo, na asafishe matundu yenye mteremko mpaka yakauke, grisi isiingie humo. Nati yenye mapengo hukazwa kwa spana ya kipimo kwa kiwango cha kitabu cha gari. Tundu la pini lisipolingana na pengo la nati, unakaza mbele kidogo mpaka lilingane, kamwe hulegezi nyuma ili pini ipite. Hapo ndipo boksi lirudishwe kwenye kipimo chake, na boliti zake kwenye chasisi zikaguliwe pamoja na chuma kinachozizunguka, maana nacho hupasuka kwenye magari ya kazi. Kisha wili alaimenti, Iringa au Mbeya, na nati zote ziangaliwe tena baada ya kilomita mia moja au mbili. Mwiba wa njia hii ni muda na pesa. Fimbo sahihi inaweza isifike ndani ya wiki mbili. Gharama mnaweza kuigawa kwa hisa zenu, tisa kwa tano: tuseme ikifika milioni 1.4, Kaka laki 9, wewe laki 5. Swali ni kama yeye ana hizo laki 9 leo, na kama hana, uko tayari kumkopesha bila kumkumbusha kila Krismasi?

Ya pili ni kumweleza Baba Mdogo, ninyi wawili pamoja, na kumwachia achague: asubiri spea, au apunguziwe bei na atengeneze mwenyewe. Ile milioni 8 ambayo hajaitoa inaweza kulipia fimbo, akijua. Inapunguza mzigo wa deni, kwa sababu hamrudishi kitu, mnapokea pungufu. Lakini punguzo lina hatari yake. Mzee akishapunguziwa laki kadhaa, kuna ng'ombe wa kutibu na ada za shule, na fimbo ya zamani inaweza kukaa mwaka mzima. Mkienda njia hii, fikirini kumpa spea yenyewe badala ya punguzo, na muandike kwenye mkataba wa mauziano ni nini kimegunduliwa na nani atakifunga.

Ya tatu ni wewe kumwambia Baba Mdogo peke yako, Kaka asijue. Najua inakuvuta, maana ndiye aliyekuuliza na wewe ndiye uliyemjibu. Inaweza kuwaokoa wajukuu, na hilo si jambo dogo. Inaweza pia kumfanya Kaka asikie habari zake mwenyewe kwa jirani, na hapo hataisikia fimbo, atausikia usaliti. Ukiona ndiyo pekee iliyobaki, angalau Kaka ajue kabla, hata kwa sentensi moja: "Kesho naenda kumweleza Baba Mdogo, ningependa twende wote."

Ya nne ni kunyamaza. Siipiti haraka, kwa sababu ndiyo mama yako anayokushauri, na akina mama mara nyingi wanaona familia ikivunjika kabla yetu. Fimbo inaweza isikatike kesho, wala mwaka huu. Lakini upande wa sheria ujue hili: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu, na mkataba uliofungwa hivyo upande uliodanganywa unaweza kuuvunja. Kukaa kimya tu ni jambo moja, na sheria hailioni sawa kila mara. Ufa uliopakwa rangi, na mnunuzi aliyeuliza akajibiwa pembeni, ni jambo jingine. Kadi ina jina la Kaka, kwa hiyo wa kwanza kuulizwa ni yeye. Ukitaka kumlinda mkubwa wako, hilo nalo lipime. Msaidizi wa kisheria wa hapo wilayani anaweza kukufafanulia kwa kuangalia karatasi yenyewe ya mauziano.

Kabla ya kuchagua, ningeomba ufanye kitu kimoja na Kaka, bila hotuba. Mwite Jumapili chini ya gari. Liwe juu ya ardhi tambarare, breki ya mkono imevutwa, mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, matairi yote chini. Msitumie jeki. Kwanza yeye akae kwenye usukani, injini inaunguruma, auchezeshe kushoto na kulia kama sentimita kumi, wewe ukiwa umelala pembeni, nje ya njia ya magurudumu, unaangalia kila ungio: lipi linatangulia, lipi linachelewa, aidla amu inapanda na kushuka? Kisha mbadilishane. Aone kwa macho yake kwamba kucheza kuna makao yake, na si kwenye fimbo.

Halafu zimeni injini. Sugueni rangi yote nyeusi kwa brashi ya waya, sentimita kumi kila upande wa mshono, mfute kwa petroli mpaka chuma kikauke. Mpake dizeli, msubiri dakika ishirini, mpanguse pakavu kabisa, kisha mpake unga wa chaki nyeupe. Dizeli iliyojificha kwenye ufa itatoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mkiuona, hamtahitaji kubishana. Msipouona, usiseme fimbo ni nzima. Kipimo hiki kinaweza kuthibitisha ufa, hakiwezi kuthibitisha uzima, hasa penye kuchomelewa. Lakini hata hapo mtakuwa mmelala chini ya gari moja, mnatazama kitu kimoja, na hamjafanya hivyo tangu mwezi wa tano.

Na zile dakika ishirini za kusubiri dizeli iingie, muulize kuhusu SACCOS. Chukua chaki mbili, ya kwanza huwa inalowa mkononi.